Tumeandamana miaka mitano, pesa za saratani ya matiti ziko wapi?

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake 17 tulionusurika saratani ya matiti, katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Kila Oktoba tunavaa fulana za waridi, tunaandamana hadi uwanjani, gavana anakuja, anaahidi, tunapiga picha. Huu ni mwaka wa tano. Hospitali yetu ya kaunti haina mwanapatholojia, yaani daktari wa kusoma vipimo vya saratani maabara, dawa tunaandikiwa tukanunue nje, na mwaka huu tumezika wenzetu wawili. Mmoja alikuwa na miaka 34. Majibu ya kinyama alichokatwa titini kikapimwe maabara yalirudi baada ya miezi minne. Tumechoka na harambee, sasa tunataka serikali yenyewe iweke sera na pesa. Je, twende Nairobi au tubaki hapa? Tuombe nini hasa? Na haya maandamano tuyaache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa kuwapoteza wenzenu. Hiyo miezi minne ya yule binti wa miaka 34 nimeisoma mara tatu, maana maswali yako yote matatu yananirudisha pale.

Nilifanya uuguzi miaka 21, zaidi ya nusu yake katika wodi za saratani, kabla ya kuingia kwenye kazi ya kufuatilia bajeti za afya. Miaka ile nilikuwa nikiwaona ndugu wa mgonjwa wakitoka chumba cha upasuaji wameshika kichupa cha plastiki chenye maji ya fomalini, ndani yake kinyama kisichozidi punje ya kunde, na jina limeandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Wanakitia kichupa kwenye kikapu, pamoja na chupa ya chai na mkate wa njiani, wanapanda basi la usiku kwenda kutafuta maabara Nairobi. Wakifika wanaambiwa walipe kwanza. Wasipokuwa nazo, wanaanza kupiga simu nyumbani. Nimewahi kuona plasta ambayo wino wake umeyeyuka hadi jina halisomeki, na mama wa watu akaitwa arudi akatwe upya. Alikuja. Donge lilikuwa limeshapasua ngozi.

Basi kitu cha kwanza cha kuidai serikali ni siku: siku ngapi zinapita tangu mwanamke aonyeshe donge kwenye zahanati hadi apewe majibu ya maabara. Ukiomba “serikali iangalie wagonjwa wa saratani,” atakayekujibu ataitikia kwa kichwa na kusahau. Ukimwuliza ni siku ngapi, itabidi ahesabu, na akishahesabu amejifunga.

Na hesabu hii ina mizizi. Februari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa saratani ya matiti kwa nchi zote, na ndani yake mna malengo matatu yanayoingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Walau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe ugonjwa ukiwa hatua ya kwanza au ya pili. Majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Na asilimia 80 wamalize matibabu waliyopangiwa. Yakaririni katika kikundi mpaka kila mmoja aweze kuyasema akiwa amesimama mbele ya watu. Binti wenu alingoja miezi minne tangu akatwe kinyama, na hapo hatujahesabu siku alizozungushwa kabla ya kukatwa. Hilo mtu haambiwi “ni mapenzi ya Mungu” akanyamaza. Ni lengo lenye tarehe, nalo limekosewa.

Kwa nini nang'ang'ania maabara na sio dawa, wakati umeniambia dawa pia mnanunua? Kwa sababu bila maabara hata dawa iliyolipiwa haifiki kwa mgonjwa. Mei 2025 Wizara ya Afya ilitangaza makubaliano na kampuni ya dawa ya Roche kuhusu Herceptin, sindano ya saratani ya matiti: dozi moja iliyokuwa ikigharimu shilingi 120,000 ishuke hadi 40,000, na hizo 40,000 zilipwe na SHA, bima ya afya ya serikali, mgonjwa asitoe kitu. Ni ushindi mkubwa, nami nilipousikia nilikumbuka wengi walioondoka kwa kukosa sindano ile. Lakini Herceptin inawafaa wale tu ambao seli za saratani yao zina kipokezi, yaani alama ambayo dawa huishika, kiitwacho HER2 kwa wingi, kama wanawake 15 hadi 20 katika kila 100. Utamjuaje? Kwa kupima kile kinyama. Ni vivyo hivyo kwa tamoksifeni, vidonge vya bei nafuu vinavyomezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi; vinamfaa mwenye vipokezi vya homoni, na vipokezi navyo huonekana maabara tu. Kwa hiyo Nairobi inaweza kutia saini mikataba yote mizuri, na mwanamke wa kwenu akabaki nje ya mlango kwa sababu kaunti yake haina mtu wa kusoma kigae cha kioo chini ya darubini.

Hapa nikueleze kosa tulilolifanya sisi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kikundi kama chenu, katika kaunti ambayo sitaitaja. Tuliomba mashine ya mamografia, ile ya kupiga picha za matiti. Tulibisha hodi kila ofisi mwaka mzima na nusu, na mashine ikaja. Ikafunguliwa kwa utepe na ngoma. Baada ya miezi michache ilifunikwa shuka la wodini, kwa kuwa mtaalamu wa kusoma picha alikuwa mmoja na alihamishwa, na mkataba wa matengenezo haukuwahi kuwekewa pesa. Tuliomba chuma tukapewa chuma. Hatukuomba mtu wala fundi wala kemikali, na hakuna aliyeturuhusu kulalamika, maana tulikuwa tumepewa tulichokitaka.

Wenzetu wa Rwanda walipita njia nyingine. Katika wilaya ya Burera, karibu na hospitali ya Butaro ambayo kituo chake cha saratani kilifunguliwa 2012, wauguzi wa vituo vya afya vya vijijini walifundishwa kukagua matiti kwa mikono na macho, zikawekwa kliniki za matiti za kila wiki, na mwenye donge la kutiliwa shaka akapelekwa juu kwa utaratibu unaojulikana. Wanawake waligunduliwa mapema zaidi kuliko kule ambako wauguzi hawakufundishwa. Ninalipenda jambo hili kwa sababu linaheshimu kile ambacho kwetu kipo tayari: muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya ya jamii anayejua kila mlango wa kijiji. Wanawake wetu wengi wanaugua wakiwa bado hawajafika miaka 50. Hawatafika kwenye mashine kama mkono wa kwanza uliowagusa ulisema “hilo ni jipu la maziwa, nenda kanyonyeshe.”

Sasa swali la Nairobi au nyumbani. Nendeni kote, ila msipeleke barua moja. Katiba ya 2010 iligawa kazi: sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu, na hospitali na vituo vingine vyenu ni vya kaunti. Mwanapatholojia, kemikali za maabara, gari la kupeleka vichupa, mafunzo ya wauguzi, hayo ni ya gavana na bunge la kaunti. Ukimlaumu waziri wa Nairobi kwa hayo, atakuambia kwa adabu urudi ulikotoka, naye atakuwa na haki.

Nairobi mnakwenda kwa ajili ya fuko. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliweka mafuko matatu. La afya ya msingi hujazwa na serikali. La pili ni lile tunalochangia, asilimia 2.75 ya kipato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. La tatu ni la dharura na magonjwa sugu na mahututi, ambalo huanza kulipa pale la pili linapofika kikomo. SHA ilipoanza Oktoba 2024, familia yenye mgonjwa wa saratani ilipangiwa shilingi 400,000 kwa mwaka kutoka fuko la michango, na 150,000 kutoka fuko la tatu. Mnajua wenyewe upasuaji, kemo na mionzi vinavyozimeza. Sasa shika hili: lile fuko la tatu halijazwi na michango yetu. Hujazwa na Bunge la Taifa, kila mwaka, katika bajeti. Likitengewa kidogo, kikomo kilichoandikwa kwenye tangazo kinabaki maandishi, hospitali haijalipwa, na mgonjwa anaambiwa “mtandao uko chini” au “njoo wiki ijayo.” Barua yenu ya Nairobi iende kwa mbunge wenu na kwa kamati ya afya, iulize fuko hilo limetengewa kiasi gani mwaka huu, limepokea kiasi gani, na linadaiwa kiasi gani. Na kwa kuwa kuna jopo linaloshauri kuhusu vifurushi na bei za huduma, liandikieni hilo nalo, kwa jambo moja tu: kipimo cha kinyama na cha vipokezi vilipwe moja kwa moja, tena kabla mgonjwa hajaandikishwa kuwa mgonjwa wa saratani. Maana huwezi kumwandikisha mtu kwenye kifurushi cha saratani bila majibu, na majibu hayaji bila pesa. Hapo ndipo wengi wanakwama.

Nimekaa kwa urefu hapo, lakini uzito wa kazi yenu uko kwenye kaunti, na uko kwenye kalenda. Nataka uiandike ukutani. Kufikia tarehe 1 Septemba kila mwaka serikali ya kaunti hupeleka kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata; jambo lisilokuwemo humo lina safari ngumu ya kuingia baadaye. Kufikia tarehe 28 Februari huja mkakati wa fedha wa kaunti, ambao maofisa huuita kwa herufi zake, CFSP. Huo ndio unaoweka kikomo cha kila idara: afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Bunge la kaunti lina siku 14 kuujadili. Tarehe 30 Aprili huja makadirio yenyewe, na kufikia tarehe 30 Juni yawe yamepitishwa, maana mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai.

Umeiona Oktoba iko wapi? Sisi tunapiga ngoma mwezi mmoja baada ya mpango wa mwaka kufungwa. Halafu Februari, pale pesa za afya zinapokatwa vipande, fulana zimekunjwa kabatini. Gavana anayeahidi Oktoba hana la kupoteza. Mwakilishi wa wadi anayeulizwa katikati ya zile siku 14 ana la kupoteza, kwa sababu atapiga kura na jina lake litajulikana.

Kwa hiyo kazi ya Oktoba hadi Januari iwe kukusanya tarehe zenu. Nunueni manila na kalamu ya wino mnene. Chora safu tano: siku niliyogusa donge, siku niliyofika kituo cha kwanza, siku niliyokatwa kinyama, siku ya majibu, siku ya matibabu ya kwanza. Pembeni weka pesa zilizotoka mfukoni kufikia siku ya majibu. Kila mwanamke apewe namba, jina lisiandikwe popote. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na zaidi ya sheria tuna sitara zetu. Familia za marehemu waulizeni kwa upole, wengi wamehifadhi kadi na risiti. Mkimaliza, zipangeni siku kuanzia chache hadi nyingi, mchukue iliyo katikati. Namba hiyo moja, ikiwekwa kando ya 60 ya Shirika la Afya Duniani, ina nguvu kuliko hotuba. Nimeshuhudia ofisi ambayo mkurugenzi alikuwa akisoma simu yake hadi manila ilipofunguliwa juu ya meza. Akasimama, akaanza kufuata mistari kwa kidole, kisha akauliza: “Huyu namba 9, siku 203, alipimwa wapi?” Kikao kilikuwa kimebadilika.

Upande wa hospitali nao una haki ya kuulizwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andikeni kwa hospitali ya kaunti: mwaka uliopita vilichukuliwa vinyama vingapi vya matiti, vilipelekwa wapi, wastani wa siku za majibu ni ngapi, na maabara ilitengewa nini. Wakikaa kimya, mlalamikie Tume ya Haki ya Utawala. Wala msimwone daktari au fundi wa maabara kuwa adui. Mara nyingi ndiye mwenye kiu kubwa ya namba hizo kuliko ninyi, na ndiye atakayewapa orodha ya kemikali na vifaa ili mpate bei tatu kutoka kwa wauzaji. Mnakwenda na kiasi kamili, pamoja na mshahara wa mwanapatholojia. Mkijumlisha, kuna hospitali ambazo zingeweza kuanza kwa utaratibu mdogo zaidi: gari moja la maabara, mara mbili kwa wiki, kupeleka vichupa hospitali ya rufaa yenye mwanapatholojia, kwa mkataba kati ya kaunti mbili. Mimi ningeanza na hilo. Halihitaji kungoja ajira.

Mkifika bungeni na ombi la kuongezewa, jueni kanuni wanayoijua wao: bunge la kaunti likiongeza mgao mahali, lazima lipunguze mahali pengine kwa kiasi kile kile. Someni makadirio kabla. Tafuteni safari, tafrija, ukarabati wa ofisi unaorudiwa kila mwaka, muwaonyeshe pa kukata. Na muombe lengo la siku 60 liandikwe ndani ya kitabu cha bajeti kama kipimo cha programu ya tiba, si katika hotuba. Kikiandikwa humo, mwaka unaofuata idara italazimika kueleza imefikia wapi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma imeweka pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo wanawake wana nafasi ya uwakilishi humo. Ulizeni ni nani amekalia kiti hicho kwenu. Huenda hajawahi kusikia habari za vichupa.

Mfano wa mbali unaonipa moyo ni wa Marekani. Mwaka 1991 wanawake waliougua waliunda muungano wa kitaifa wa saratani ya matiti, chini ya uongozi wa mwanasheria Fran Visco, aliyeugua akiwa na miaka 39. Walikusudia kukusanya barua 175,000, moja kwa kila mgonjwa mpya aliyetarajiwa mwaka ule, zikaja kama 600,000. Lakini barua hazikutosha. Februari 1992 waliwaita watafiti, wakawauliza hadharani: kazi inayoweza kufanyika sasa inahitaji pesa ngapi? Jibu likawa dola milioni 300 za nyongeza. Kisha wakakuta ukuta: sheria za bajeti za wakati ule hazikuruhusu pesa za ulinzi kuhamishiwa afya. Wakapitia mlango mwingine, na Bunge likaweka dola milioni 210 za utafiti wa saratani ya matiti ndani ya bajeti ya jeshi lenyewe. Tena wakapata viti: hadi leo katika programu hiyo wanawake waliougua hukaa pamoja na wanasayansi kupima ni utafiti upi upewe pesa. Kiasi kamili, mlango sahihi, na kiti mezani. Huko walikuwa nchi tajiri, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichonunuliwa kwa utajiri.

Angalieni na wafadhili wenu. Kampuni ya dawa ikiwalipia fulana, semeni wazi kwamba imewalipia, na orodha ya madai yenu isipite mikononi mwake. Siku mtakapodai dawa fulani iingizwe kwenye kifurushi, swali la kwanza litakuwa nani amewatuma.

Bajeti ikipita bado hamjashinda. Msimamizi wa Bajeti hutoa taarifa za kila robo mwaka zinazoonyesha kaunti imetumia nini kati ya ilichotengewa. Mchagueni mmoja, awe na kichwa cha hesabu na subira, kazi yake iwe hiyo tu, azisome na kuwaletea kikundi kurasa mbili.

Maandamano msiyaache. Kuna mwanamke anaficha donge chini ya leso ambaye hatasoma bajeti maishani, ila atawaona barabarani, wazima, mnacheka, na atajua saratani si kifo. Ila Oktoba hii kabla ya picha mpelekeeni gavana barua ya ukurasa mmoja: siku zetu ni ngapi, tunataka ziwe 60, gharama ni hii, na tutakuja bungeni Februari. Iwe na nakala mbili. Moja abaki nayo. Ya pili msaidizi wake aigonge muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, pale pale uwanjani, ndipo mpige picha.